Kipande cha babu na daftari la misheni

Kipande cha babu kilikuwepo nyumbani miaka yote, ndani ya kopo la majani ya chai, pamoja na risiti zake za kodi. Alikipata enzi za Mwingereza kwenye shamba moja la kahawa kule Mbozi: karatasi ngumu yenye visanduku thelathini, kila siku ya kazi inatiwa alama, na mshahara hautoki mpaka vyote vijae. Penye kabila wameandika Mnyakyusa. Hakuna aliyewahi kubisha.

Daftari la ubatizo nililikuta katika usharika mmoja wa Kimoraviani wilayani Rungwe. Nilifuata tarehe ya kuzaliwa ya babu tu, kwa ajili ya mirathi. Kurasa za mwanzo, za miaka ile baada ya misheni ya Rungwe kuanzishwa 1891, zimeandikwa kwa mwandiko wa Kijerumani wa zamani, herufi zote zimeegemeana kama walevi. Nikajaribu kamera ya simu, ikaniletea upuuzi mtupu. Mchungaji mmoja mstaafu ndiye aliyenisomea, kidole kikitembea polepole, hadi akamfikia mama yake babu.

Kabila: Mbisa. Baba: mstari mtupu. Mama: mstari mtupu. Pembeni, kwa wino mwingine: ametolewa kwenye msafara wa watumwa, amekabidhiwa misheni.

"Usishtuke, mwanangu," mchungaji akasema. "Hebu tazama huku chini." Mistari mitupu ilishuka karibu hadi mwisho wa ukurasa.

Wabisa kwao ni upande wa Bangweulu, Zambia ya leo. Miaka hiyo misafara ya pembe na watu ilipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa na pembe, alitamba pale Karonga hadi Waingereza walipomnyonga 1895. Wajerumani walinyang'anya baadhi ya misafara, lakini utumwa wenyewe hawakuufuta. Walitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja 1922, Mjerumani keshaondoka.

Nilimkuta baba mkubwa migombani, akikata majani makavu. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Hakuacha kukata.

"Hiyo naijua tangu sijaoa," akasema. "Na kiwanja je, wameandika nani alimpa?"

Hawakuandika.

"Basi funga mdomo mpaka kesi iishe."

Tulikuwa na shauri la mpaka kwenye baraza la ardhi, na jirani yetu alikuwa na maneno yake: nyie wenyewe hamna kwenu. Miaka yote nilidhani wazee wanaona haya. Kumbe walikuwa wanalinda migomba. Asiye na baba wala mjomba hapa alikuwa hana wa kumsimamia penye shamba, ndiyo maana bibi yule alijenga jirani na misheni, na mwanawe akahesabiwa Mnyakyusa kabla ya kwenda Mbozi. Karani wa shamba aliandika alichoambiwa, na nadhani babu alijibu bila kusita.

Kesi tulishinda. Kwenye arobaini ya shangazi, baba mkubwa mwenyewe aliwaita wajukuu, akawasimulia kuanzia Bangweulu mpaka visanduku vya Mbozi, mengine akiyaongezea chumvi. Kisha akanituma nikatoe kopi za ule ukurasa, kila nyumba ipate yake.