Ealing, Richmond, Twickenham, Feltham: safari ya kufuata waliokuwa wanahama bendi

Mi nimekua nasikiliza roki ya zamani ya Uingereza, na kitu kinachonishika kuliko hata magita ni jinsi wale jamaa walivyokuwa wanahama, leo huyu yuko bendi hii, mwakani yuko kwa wengine, na mpiga besi wa huku ndo yule yule wa kule. Nilivyofika kwa shemeji yangu anayekaa Slough nikamwambia Jumamosi kama haunyeshi twende ukanitembeze magharibi ya London, maana ukiangalia ramani haya mambo yote yametokea sehemu zilizobanana kabisa.

Tukapanda Elizabeth line hadi Ealing Broadway. Ukitoka stesheni unavuka barabara, katikati ya maduka kuna kichochoro chenye ngazi zinazoshuka chini, chembamba hivi kwamba watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu. Ukutani kuna kibao. Ndo hapo palipofunguliwa Ealing Club tarehe 17 Machi 1962, na waliofungua ni Alexis Korner na Cyril Davies na bendi yao Blues Incorporated. Ukumbi wenyewe uko chini ya ardhi, enzi hizo ulikuwa unavuja hadi maji yanadondokea wanamuziki wakiwa jukwaani na nyaya za umeme ziko hapo hapo. Lakini angalia waliopita kwenye hiyo bendi: Charlie Watts alikuwa anapiga dramu, Jack Bruce besi, baadaye Ginger Baker akakalia kiti cha Watts. Watts akaenda Rolling Stones Januari 1963, na hao Stones wenyewe, Jagger na Richards walikutana na Brian Jones humu humu ndani. Bruce na Baker wakaenda kwenye bendi ya Graham Bond, halafu 1966 wakaungana na mpiga gita Eric Clapton ikawa bendi ya Cream. Na Blues Incorporated yenyewe? Muulize mtu wa kawaida hata London hapo, wengi hawaijui.

Hapo shem akaniuliza, "Sasa hawa walikuwa hawagombani?" Walikuwa wanagombana sana tu, Bruce na Baker walifikia hatua ya kupigana, ila kumbi zilikuwa chache na wapigaji wazuri walikuwa wachache, kwahiyo uliyegombana naye mwezi uliopita unamkuta tena wiki ijayo kwenye ngazi hizi hizi amebeba gita lake, mtafanyaje.

Tukapitia kidogo kwenye kile chuo cha sanaa pale St Mary's Road, sasa hivi ni University of West London. Pete Townshend wa The Who alisoma hapo, Ronnie Wood alisoma hapo, na Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, naye alisoma hapo akamaliza 1969, ntamrudia mbele.

Toka Ealing tukachukua basi namba 65, usichukue treni kwenye kipande hiki, basi linapita Kew unaona mto vizuri na linakushusha Richmond kabisa. Ng'ambo ya stesheni kuna ile pab iliyokuwa Station Hotel, ndo ilikuwa klabu ya muziki ya Crawdaddy Club. Stones walipiga hapa mwanzoni mwa 1963, walivyokua wakubwa nafasi wakapewa bendi ya Yardbirds. Mpiga gita la solo wa kwanza wa Yardbirds alikuwa Top Topham, dogo wa miaka 15 hivi, wazazi wake wakakataa asiache shule kwa ajili ya bendi, basi nafasi yake akapewa Clapton. Nilisimama pale dirishani muda mrefu nikimfikiria huyo mtoto na wazazi wake. Clapton akaondoka 1965, akaingia mpiga gita Jeff Beck kwa kupendekezwa na mwenzake wa gita Jimmy Page, na 1966 Page mwenyewe akaingia, tena akaanzia kwenye besi! Bendi ikafa 1968, Page akabaki na jina na shoo za Skandinavia ambazo zilishakubaliwa, akatafuta watu wa kuzimalizia, na hao watu ndo Led Zeppelin.

Richmond hadi Twickenham ni karibu sana kwa treni. Na hapa naomba mnivumilie maana kwangu hii stesheni ni kubwa kuliko jengo lolote la London. Januari 1964 mwimbaji Long John Baldry alikuwa anatoka kupiga kwenye hoteli ya Eel Pie Island, kisiwa cha mto Thames hapo Twickenham, anasubiri treni hapa usiku, akasikia kijana anapuliza kinanda cha mdomo, akamfuata na kumchukua kwenye bendi. Kijana ni Rod Stewart. Sasa mfuate Rod: kwa Baldry, kisha Steampacket, kisha 1966 akaingia bendi inaitwa Shotgun Express. Hiyo Shotgun Express haikudumu hata mwaka, haikuuza, lakini gita alishika Peter Green na dramu Mick Fleetwood! Green akaenda kwenye bendi ya John Mayall kuziba pengo la Clapton, akamkuta John McVie kwenye besi, na 1967 Green alivyoanzisha yake akaipa majina ya Fleetwood na McVie, ikawa Fleetwood Mac, wakati McVie bado anasita kuja. Green akatoka 1970, wengine wakaja wakaenda, na wale wawili wa dramu na besi ndo waliobaki na nyumba.

Rod yeye akaenda kwenye bendi ya Jeff Beck, hapo akawa na Ronnie Wood, huyo wa chuo cha Ealing, ambaye kwa Beck alipewa besi. 1969 Steve Marriott akawaacha Small Faces kwenye mataa, Rod na Wood wakaingia ikawa Faces. 1975 Wood akaenda Stones kuchukua nafasi ya Mick Taylor, na Taylor alitokea wapi? Kwa Mayall. Kenney Jones wa dramu za Faces naye akaenda The Who baada ya Keith Moon kufariki 1978. Yaani ukivuta uzi mmoja hapo Twickenham wote wanakuja. Ndo maana nasema bendi zilizofeli tuziheshimu, Shotgun Express haikuacha hiti yoyote ila iliwakutanisha watu.

Eel Pie Island tuliiangalia kutoka kwenye daraja la miguu, ile hoteli iliungua 1971 na sasa kisiwani ni makazi ya watu, kwahiyo usiingie kwenye vichochoro vyao ovyo.

Mwisho tukaenda Feltham kwa treni. Ndege za Heathrow zinapita chini hadi unaacha kuongea. Gladstone Avenue namba 22, nyumba ya kawaida kabisa, kuna kibao cha bluu cha Freddie, familia yake ilifika hapa ikitokea Zanzibar 1964. Brian May alikuwa anakaa mitaa michache tu kutoka hapo na walikuwa hawajuani! Aliyewaunganisha ni Tim Staffell, mwanafunzi mwenzake Freddie pale Ealing, ambaye alikuwa anaimba na May na Roger Taylor kwenye bendi inaitwa Smile. 1970 Staffell akahamia Humpy Bong, bendi ambayo ilikufa mapema, na kiti alichoacha ndo Freddie akakaa, bendi ikawa Queen. Wakabadilisha wapiga besi watatu kabla ya kumpata John Deacon 1971, na toka hapo mpaka Freddie anafariki 1991 hawakubadilisha mtu, kitu ambacho kwa bendi za Uingereza ni nadra mno.

Shem alikuwa ameshachoka na njaa inamuuma, nikampeleka kula. Inayofuata ni Wardour Street, pale ilipokuwa klabu ya muziki ya Marquee, ambapo Oktoba 1968 Page na wenzake walipanda jukwaani bado wanatumia jina la New Yardbirds.