Mtu Mzima Mkekani

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Leo Ijumaa wengi wetu tumeshaisoma Suratul Kahf, au tunatafuta nafasi ya kuisoma kabla ya Magharibi. Tumeizoea mpaka ulimi unakwenda wenyewe. Wiki hii naomba tusimame kidogo kwenye aya ya 60, pale Nabii Musa, alayhis salaam, anapomwambia kijana wake kwamba hatoacha kwenda mpaka afike zinapokutana bahari mbili, hata kama safari itamchukua dahari.

Safari ya nini? Firauni keshazama, Bani Israil wameshavuka. Musa hakwenda vitani wala hakwenda kutafuta riziki. Alikwenda kusomeshwa.

Bukhari na Muslim wametupokelea chanzo cha safari hiyo kwa njia ya Ubayy bin Kaab. Musa alisimama kuwahutubia watu wake, akaulizwa nani mjuzi zaidi katika watu, akajibu: mimi. Ukipima kwa vipimo vyetu utaona hakukosea. Ni Mtume, amepewa Taurati, amesemeshwa na Mola wake. Lakini hakuirejesha elimu kwa Mwenyewe, na Mola akamjulisha kuwa yuko mja wake, zinapokutana bahari mbili, mwenye ujuzi ambao yeye Musa hanao.

Hapo ndipo pa kutazama. Musa hakuuliza ni nani huyo hata anifundishe mimi. Aliuliza atampata vipi. Akaambiwa achukue samaki katika kikapu, na pale atakapompoteza, mtu wake yuko hapo. Wakatoka, wakatembea, mpaka Qur'an yenyewe ikatuhifadhia malalamiko yake: tupe chakula chetu, hakika safari hii imetutaabisha. Mtume wa Mwenyezi Mungu amechoka na ana njaa, na yote hayo kwa ajili ya somo. Kisha kumbe wamepapita, ikabidi warudi nyuma kwa nyayo zao. Na alipomkuta mja huyo, ambaye ni Khidhr, neno lake katika aya ya 66 ni neno la mtu aliyesimama mlangoni akipiga hodi: je, nikufuate ili unifundishe katika ule uongofu uliofundishwa?

Mimi naona kinachotuzuia kujifunza ukubwani, huku kwetu Pemba na hata Unguja, mara nyingi si ufukara. Ufukara upo, siukatai, na yuko mtu ambaye nauli tu ya kutoka Micheweni hadi Chake ni mtihani. Lakini nafasi nyingi zimepita mbele ya barza zetu zikatukuta tumekalia cheo. Cheo cha umri, cheo cha uhaji, cheo cha kuitwa maalim. Mtu akishapata wajukuu anahisi zamu yake ya kukaa mkekani imekwisha, sasa ni ya kukaa kitini. Ukimwambia kuna darsa ya watu wazima ya kusahihisha Fatiha, atakuuliza kama unadhani miaka yote hiyo alikuwa akisali bila Fatiha.

Sayyidna Umar alisema: jifunzeni kabla hamjapewa ukubwa. Ni kauli ya mtu aliyewajua watu. Alijua kwamba cheo kikishaingia, haya ya kuuliza huingia nacho. Imam Bukhari aliinukuu kauli hiyo katika Kitabu cha Elimu, kisha akaongeza maneno yake mwenyewe, kwa kuogopa, nadhani, mtu asije akaitumia kama ruhusa ya kukaa kando: na baada ya kupewa ukubwa pia, kwani Masahaba wa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, walijifunza hali ya kuwa ni watu wazima. Na kweli, Abubakar hakuisoma Qur'an utotoni. Wengi wa wale wakubwa hawakuisoma utotoni. Walianza alifu yao na ndevu zao.

Hata hapa kwetu mifano ipo. Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit alizaliwa Ngazija mwaka 1861, na ujanani alikuwa nahodha. Baadaye akawa kadhi Unguja katika zama za Sayyid Barghash. Angeweza kubaki hapo hapo, watu wakaja kwake na kesi zao, akaheshimiwa mpaka kufa. Lakini katika miaka ya 1880 aliuacha ukadhi akasafiri, akafika Istanbul, akafika Misri na Makka, akikaa tena mbele ya masheikh. Aliporudi Unguja mwaka 1888 alirejea kwenye ukadhi, na akasomesha mpaka alipofariki mwaka 1925. Hakuwa mzee alipoondoka, lakini alikuwa na cheo, na cheo ni kizito kukivua kuliko umri.

Mwenzake, Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alikuwa karibu marika yake, na juu ya hivyo alikaa kwake akachukua elimu. Kusoma kwa mzee ni rahisi, unambusu mkono na moyo unaridhika. Kusoma kwa mtu mliyelingana naye kunataka kitu kingine kabisa. Na ni huyo huyo Bakathir ambaye chuo chake cha Ukutani, pale Mjini, kilisomesha masheikh waliokuja kuwasomesha wazee wetu.

Lakini nisizungumze masheikh tu, mkadhani habari hii ni ya wenye vilemba. Twendeni pwani. Mwani ulianza kulimwa kwa biashara Zanzibar mwaka 1989, upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, kisha ukafika huku Pemba. Wakulima wake wengi ni wanawake. Bamvua likifika na maji yakitoka, wanaingia na vigingi na kamba, wanafunga mbegu moja moja huku migongo imeinama. Ni kazi ngumu na bei yake ni ndogo. Anayesifia mwani bila kutaja mgongo hajaulima. Basi bahari ikapata joto. Kotonii, ule mwani wenye bei nzuri zaidi, ukawa unakufa katika maji madogo. Waliotaka kuendelea nao ikabidi watoke kwenda kwenye kina, na kina kinataka mashua, kinataka na kuogelea.

Fikirini hilo. Mtu kazaliwa na bahari mbele ya mlango wake, kaolewa hapo, kazaa hapo, na hajawahi kuogelea, kwa kuwa maji makubwa yalikuwa ya wanaume. Ukubwani anaingia majini kujifunza kuelea, nguo zake zimemshika miguu na watoto wanamtazama kutoka ufukweni. Wengine wakajifunza na kuusaga mwani, kupika sabuni, kupiga hesabu ya kilichotumika na kilichouzwa. Na Kinyasini, kaskazini ya Unguja, wanawake wa vijijini ambao baadhi yao skuli walikwenda kidogo sana, wamefundishwa kufunga na kutengeneza umeme wa jua, wakarudi kwao kuwasha taa za majirani zao.

Kisa cha Musa na Khidhr nacho kina watu wa pwani. Ile jahazi iliyotobolewa na Khidhr ilikuwa ya masikini wafanyao kazi baharini, na nyuma yao yuko mfalme anayepora kila chombo kizima. Walichokiona wenye jahazi ni tundu, basi. Kuna masomo yanayokuja hivyo, kwa kutobolewa. Ila hapa naomba tuwe waangalifu. Sisi hatukupewa elimu ya Khidhr. Tusimwendee aliyepotelewa na mazao, au aliyeachishwa kazi hotelini msimu ulipokuwa mbaya, tukamwambia hiyo ni kheri yako hujaijua tu. Hatujui. Tunachokijua ni kwamba anahitaji kamba, mbegu, na mtu wa kumwonesha kazi nyingine.

Kijana naye asidhani kwamba haya ya dunia hayahesabiki. Zaid bin Thabit aliamrishwa na Mtume ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zisomwe na mtu anayeaminika, na mwenyewe anasimulia kuwa haikupita nusu ya mwezi ila alikuwa ameshayaweza. Ilikuwa ibada, kwa sababu Waislamu walikuwa na haja nayo. Kijana wa Nungwi au Kiwengwa aliyeshika Kitaliano kwa masikio tu, ufukweni, ana kipaji ambacho wengi waliokaa darasani hawana. Akikiongezea hesabu na adabu ya kazi anaweza kuweka chakula mezani kwa wazazi wake. Na mafunzo ya amali yako Vitongoji na Mkokotoni, useremala na umeme na ushoni. Nia ikitengenezwa, ujira uko.

Narudi kwa watu wazima, maana hao ndio walionisukuma kuandika. Tunao ndugu zetu wanaosali safu ya mbele na msahafu hawaujui. Wamehifadhi sura fupi kwa kusikia, na ukifika mwezi wa Ramadhani watu wanapokaa na majuzuu yao, wao hutafuta shughuli: kugawa maji, kutengeneza mikeka, kutoka nje kidogo. Tunawaona na tunajifanya hatuwaoni. Kwa hawa kuna hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie, waliyoipokea Bukhari na Muslim: aliye hodari wa Qur'an yuko pamoja na Malaika watukufu, na yule anayeisoma kwa kubabaika, nayo ni nzito kwake, ana ujira mara mbili. Mara mbili! Wanavyuoni wanasema mmoja ni wa kusoma na mmoja ni wa taabu yake. Huyo mzee anayeng'ang'ana na "alhamdu" kwa miwani ya kuazima, hatumfanyii hisani kumkalisha mkekani. Amekuja kuchukua haki yake.

Bibi Aisha huyo huyo aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Walikuwa na haya, na waliuliza.

Sasa niseme jambo ambalo wengine halitowafurahisha. Kwa nini watu wazima wetu wanauogopa mkeka? Wengi wao mara ya mwisho walipokaa hapo palikuwa na bakora. Chuo kwao ni jua la mchana, sauti kubwa, na kiganja kinachowaka kwa sababu ya herufi moja. Mtu huyo anakua, anaota mvi, na mwili wake bado unakumbuka. Wala siwatukani walimu wetu, wametufundisha bila ya mshahara na Allah awalipe. Lakini Mtume wetu hakusomesha hivyo. Muawiya bin Hakam alizungumza ndani ya sala, hajui kwamba haifai, mpaka watu wakawa wanampigia mapaja. Baada ya sala akaitwa. Anasema, kama ilivyo katika Muslim: sikupata kuona mwalimu kabla yake wala baada yake aliye mzuri zaidi wa kufundisha, wallahi hakunikemea, hakunipiga, wala hakunitukana. Alimwambia tu kwamba hii sala haifai ndani yake maneno ya watu. Tukitaka watu wazima warudi, na wanaojua wajifunze pia namna ya kufundisha.

Kuna wanaoniambia: siku hizi simu inatosha, mawaidha yamejaa humo. Mimi nayasikiliza pia, na mengine ni mazuri sana. Lakini simu haikusikii. Ukiitamka herufi ya dhaad kwa makosa, itaendelea na mawaidha yake. Kusoma ni kuwa na mtu wa kukwambia rudia. Hata Musa alikuwa naye wa kumwambia, na aliambiwa mara tatu, na mara ya tatu wakaachana. Mtume wetu alipokisimulia kisa hiki alimwombea rehema Musa, akasema lau angesubiri tungesimuliwa zaidi katika habari zao. Kwa hiyo hata aliyeshindwa kuvumilia hadi mwisho alirudi na matatu ambayo hakwenda nayo.

Limebaki la muda, na hili ni udhuru wa kweli, khasa kwa kina mama na khasa wakati wa karafuu, watu wako mashambani tangu alfajiri na usiku wanachambua vikonyo. Hata Sayyidna Umar hakuwa na muda. Alikuwa akiishi pembeni ya Madina, Awali, na ana shughuli zake. Alichofanya ni kupatana na jirani yake wa Kiansari: leo wewe unateremka kwa Mtume, kesho mimi; anayeteremka anarudi na habari za siku ile, wahyi ulioshuka na mengineyo. Imepokewa na Bukhari. Umar mwenyewe, tunayemjua, nusu ya masomo yake aliyapata kwa jirani.

Wiki hii basi, mtafute mmoja: jirani, wifi yako, mwenzio wa shambani. Darsa ya kina mama ni baada ya Alasiri. Mmoja aende, mwenziwe abaki na watoto wa wote wawili na majamvi ya karafuu mvua isiyakute. Usiku, aliyekwenda amsomee mwenziwe alichokipata, hata kama ni aya moja na nusu. Siku ya pili wabadilishane. Na wanaume, msidhani kubaki na watoto ni zamu ya kina mama peke yao.

Rabbi zidni ilma. Ijumaa njema.