Kufuma bapa la hiperboli kwa kroshia

Mwaka 1997, mwanahisabati Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell alifuma kwa kroshia bapa la hiperboli, yaani uso unaopinda kama tandiko la farasi kila mahali, ambalo wanafunzi wangeweza kulishika bila kulirarua, kwani la karatasi lilikuwa linachanika. Mwaka 2005 dada wawili, Margaret na Christine Wertheim, wakaanza kutumia mbinu hiyo kufuma miamba ya matumbawe.

Anza na mnyororo wa vishono 20. Kila baada ya vishono vinne, kwenye cha tano fuma viwili. Endelea kuhesabu unapogeuka; usianze upya. Kufikia mstari wa kumi una vishono takriban 120, na ukingo umejikunja kama majani ya sukumawiki. Tumia uzi mgumu wa akriliki na sindano nyembamba kidogo. Uzi laini ukifumwa kwa kulegea, umbo linalala chini na mikunjo haionekani.

Ukibadilisha katikati uwiano huo wa kuongeza vishono, mpindo hauwi sawa kila mahali. Kwa mwalimu hilo ni kosa. Akina Wertheim waliuvunja uwiano kwa makusudi, na hapo ndipo matumbawe yalipopata sura zake mbalimbali. Naupenda sana uamuzi huo.

Mwishoni, kunja kitambaa ulichofuma: mkunjo ni mstari mnyoofu wa bapa hilo. Ushonee uzi wa rangi nyingine ili uonekane.