Kope la mtoto likiota uvimbe mwekundu

Mtoto akilia uvimbe unajaa na kuiva rangi, akinyamaza unanywea. Hiyo ni hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu. Si saratani. Huanza kwa kidoa wiki mbili tatu baada ya kuzaliwa, na akina mama wengi wa hapa Tanga hudhani ni mbu. Uliokaa juu ya ngozi ni mwekundu. Uliozama huonekana kama buluu, na wanja humfichia daktari rangi hiyo, kwa hiyo mfuteni kabla ya kwenda hospitali ya Bombo.

Mtaambiwa utaisha wenyewe. Kweli, hunywea polepole kwa miaka, lakini jicho halina miaka ya kusubiri. Uvimbe ukilikandamiza jicho, kioo chake cha mbele hupinda na picha hufika ubongoni na ukungu. Ubongo huizoea picha ya jicho lisilo na uvimbe na kuliacha hili. Hayo hutokea hata kama mboni haijafunikwa.

Jaribuni hivi: mtoto akitazama kitu, zibeni kwa kiganja jicho lisilo na uvimbe. Akigeuza kichwa na kulia, kisha mkaziba lenye uvimbe akatulia, msingoje tarehe ya kliniki. Asipolia, bado apimwe.

Tangu 2008, madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walipoonyesha kazi yake, tiba ni propranololi, dawa ya moyo na presha. Huanza taratibu hadi kama miligramu 2 kwa kilo kwa siku, mara mbili. Mtoto wa kilo 5 anapata miligramu 5 asubuhi na 5 jioni. Kasoro huanzia kwenye kidonge: cha miligramu 40 kikikatwa robo kwa kisu cha jikoni, robo ile ndiyo dozi ya siku nzima, tena vipande havilingani. Ombeni famasia iwapimie ya maji, na sirinji.

Apewe akishanyonya. Akitapika, akigoma kula au akibanwa kifua, rukeni dozi na mpigieni daktari: sukari hushuka, naye hulegea na kutoka jasho baridi. Uvimbe mwembamba wa juu huweza kutosheka na matone ya timololi, dawa ya jamii hiyo hiyo.

Rangi ikififia mwezi wa pili msiache. Kozi ni miezi 6 au zaidi, na ukiacha mapema hurudi. Mboni ikiwaka nyeupe, au jicho likichomoza kwa siku chache, hilo ni jambo jingine kabisa: hospitali siku hiyo hiyo.