Ninavyopunguza moshi kwenye picha za fataki bila kuzima rangi

Fataki za mkesha wa Mwaka Mpya hapa Mbeya zinalipuka katikati ya msimu wa mvua, na hewa yenye unyevu ndiyo inayonipa kazi. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama chembechembe ngumu, na nyingi kati ya hizo hunyonya maji. Wingu linanenepa, fataki inayofuata inalimulika, taa za mji zinalipaka rangi ya chungwa kwa chini, na mlima Loleza hauonekani tena.

Kwa hiyo naanza kabla ya mlipuko wa kwanza. Kamera iko kwenye tripodi, faili za RAW (data ghafi ya kamera), ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, shata wazi sekunde 2 hadi 4. Napiga picha mbili tupu za mji na mlima, kisha tripodi haiguswi tena. Nasimama upepo ukinipiga mgongoni ili moshi uende mbali nami. Milipuko ya mwanzo ndiyo misafi kuliko yote, usiipoteze kwa kuhangaika na mipangilio.

Kwenye kompyuta nafungua kwa biti 16, zenye ngazi nyingi zaidi za mwanga kuliko biti 8. Ukitia giza anga kwa biti 8, weusi unakatika ngazi ngazi. Joto la rangi naliteremsha hadi kati ya 3,500 na 4,000 K, na ule uchungwa unapoa. Kitelezi cha Dehaze (cha kuondoa ukungu) cha programu ya Lightroom nakipeleka 15 hadi 25 tu, tena kwenye anga peke yake. Ukizidisha, kila mstari wa cheche unavaa kivuli cheusi na picha inajaa chenga (vidoa vidoa).

Kazi yenyewe ni maski, yaani eneo lililochaguliwa ili mabadiliko yaguse hapo tu. Mwangaza wa moshi uko katikati: umezidi anga, haufikii cheche. Nachagua kwa mwangaza, nalainisha kingo pikseli 2 au 3, halafu kwenye kevu (mstari wa kurekebisha mwangaza, 0 nyeusi hadi 255 nyeupe) nashusha nukta ya 64 hadi 30 hivi na kuishikilia ya 160 pale pale. Ndani ya maski hiyo hiyo napunguza ukolezi wa rangi kwa nusu. Hatari iko kwenye bluu. Bluu ya fataki hutokana na shaba na ni hafifu, mwangaza wake unalingana na wa moshi, hivyo inafutika nao. Lazima uichague kwa rangi na kuitoa kwenye maski kwanza. Picha nyingi zilizoharibika zimeharibikia hapa.

Mabaki mazito nayatia giza kwa brashi laini, nguvu asilimia 8, nikipita mara kadhaa kufuata umbo la wingu. Zana ya kunakili sehemu siitumii, inakata mistari ya cheche.

Ukiunganisha picha kadhaa kwa modi ya Lighten, safisha kila moja kwanza. Modi hiyo huchukua pikseli angavu zaidi, kwa hiyo moshi wa picha zote hurundikana. Mimi sizidishi tatu.

Mwisho ile picha tupu inarudisha mji na mlima, ikiwekwa juu kama leya (tabaka) yenye uzito wa asilimia 60 au 70, ili mabati yabaki na rangi ya fataki iliyoyaangukia. Moshi kidogo nauacha chini, zinakorukia fataki. Kisha naifungua picha kwenye simu, mwanga hadi mwisho: mabaka ya brashi yasiyoonekana kwenye kompyuta hujitokeza hapo.