Celica ya 94 na cc mbili zilizobaki

Kuna nusu ya Celica GT-Four, ile Celica ya turbo inayovuta matairi manne, ipo Ilala, imekatwa inauzwa spea, injini ya turbo, gia boksi, propela shafti, difu ya nyuma na waya zake zote, muuzaji anataka milioni sita na nusu. Tangu mwezi wa tatu nazikodolea macho picha zake mpaka mama watoto akaanza kuuliza huyo anayekutumia picha saa tano za usiku ni nani. Nikamwonyesha. Akaangalia weee, akanirudishia simu, akasema afadhali angekuwa mwanamke, mwanamke hahitaji gia boksi.

Sasa ngoja nieleze nilivyofika hapo, manake nina Celica yangu nyingine nataka kuiingiza kwenye rali, na kila nikikaa barazani hapa Chumbageni, Tanga, swali ni moja tu, utakimbiza lini hiyo gari na utakimbiza kwenye klasi gani. La lini sina jibu. La klasi ndo limenila miezi minne na leo nalimaliza.

Gari yenyewe ni Celica ST202, SS-II, ya 1994, manual, injini ya 3S-GE ya cc 1998 isiyo na turbo, kiwandani ilitoka na pawa 180. Inavuta mbele. Niliirithi kwa mjomba, ilikaa chini ya mwembe miaka minne na kuku alikuwa anatagia siti ya nyuma, sitanii, nilikuta mayai sita. Bahati yangu ni ile isiyo na super strut, ile sasipensheni ya mbele yenye jointi nyingi, ina mbele ya kawaida tu, MacPherson, kwahiyo shokapu na bushi za Carina ED na Corona Exiv za umri huohuo nyingi zinaingia. Aliye na super strut kwenye barabara zetu za vumbi namuombea dua, zile boli jointi zake ukizitafuta hapa mjini unaweza kuzeeka.

Af kuna hili suala la jina. Ukiwa na Celica Tanga wazee hawakuachi upite. Wataanza na Safari Rally, Celica ilichukua 84, 85 na 86, ikarudi ikachukua 90, halafu 92 mpaka 95 mfululizo bila kupumzika. Mara nane. Ukitoka hapo umeshavimba kichwa, unajiona Waldegård, yule Mswidi aliyeshinda nayo. Kumbe zile zote zilikuwa za turbo, na kuanzia hiyo ya 90 zote zinavuta matairi manne. Yangu ni binamu yao aliyebaki kijijini. Ndo nikaanza kufikiria nusu ya Ilala, nimrudishe binamu kwenye ukoo.

Nikaenda kwa fundi wangu Ngamiani. Huyu mzee ana miaka sitini na kitu, ujanani alikuwa anafuata gari za rali na pikapu ya sevisi, anajua vitu vingi ila anavitoa kidogokidogo kama mama anayegawa nyama.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na turbo au umekuja mwenyewe?"

Nikamwambia nataka ushauri kwanza. Akaniuliza hiyo turbo ukiifunga utaingia klasi gani. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, klasi ileile fundi, elfu mbili, si injini ni 1998 kama hii tu, tofauti turbo. Akacheka mpaka akakohoa. Gari ilikuwa imetoka kuzungushwa njia ya Pongwe, kioo cha nyuma chote vumbi jekundu, akaweka kidole akaandika 1998, chini yake akaandika x 1.7, akasema piga hesabu. Nikatoa simu. 3396.6.

"Hiyo ndo injini yako machoni kwa wenye kanuni."

Yaani kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, na vilabu vingi vinafuata hivohivo, injini ya petroli yenye turbo cc zake zinazidishwa mara 1.7 kabla hujapangiwa klasi. Kwahiyo Celica yangu ya elfu mbili ingelala ya elfu mbili ikaamka ya elfu tatu na mia tatu tisini na kitu. Na humo ndani nani yupo? Subaru Impreza, cc 1994, zidisha unapata 3389.8. Mitsubishi Evo, 1997, unapata 3394.9. Wote tunalingana kwenye karatasi, ila wao wana foo wili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tangu kiwandani, wana gia boksi za rali, wana matairi mapya kila shindano, wana kijana wa kufuta kioo. Mi nina nusu ya Ilala na fundi mwenye kikohozi.

Kioo kile sijakiosha mpaka leo.

Basi nikaanza kusoma. Ngazi ya zamani ya Group N, kundi la gari za rali zisizobadilishwa sana toka kiwandani, ilikuwa rahisi kuielewa, N1 mpaka cc 1400, N2 mpaka 1600, N3 mpaka 2000, N4 juu ya hapo, na watu wengi bado wanaongea hivo ingawa majina yamebadilika badilika. Nikafurahi, mi ni N3. Kumbe tulia. Ili uwe Group N kweli gari lazima liwe na hati ya homologesheni, yaani FIA wameikubali modeli hiyo ishindane, na hiyo hati ina mwisho wake, ilikuwa miaka saba baada ya kiwanda kuacha kutengeneza modeli hiyo. Uzalishaji wa Celica hii uliisha 1999. Jumlisha mwenyewe. Kwahiyo gari kama yangu inaishi kwa hisani ya klasi za kitaifa, zile ambazo wenye shindano wanaziandika kwenye kanuni zao za nyongeza, na hizo usizisome mwaka huu ukadhani za mwaka kesho ni hizohizo.

Nikageukia upande wa pili, magari ya kale. Ile Safari ya magari ya kale ilianza 2003, iko poa sana, nikasema umri nnao. Wapi bwana, kule wanataka gari za kabla ya katikati ya miaka ya 80. Celica ya 94 kwao mtoto mchanga. Hapo ndo utaona gari za miaka ya tisini zina balaa gani, kwa vijana ni mzee na kwa wazee ni kijana, kila mlango ukibisha wanakuambia jaribu ule mwingine.

Shemeji yangu yuko Marekani yeye ananitumia video za Spec Miata, ambapo wote wana Mazda MX-5 za 1990 mpaka 2005, zimefungwa vitu vilevile na matairi yaleyale, kwahiyo hamna habari ya nani kauza shamba kanunua turbo. Na kwenye otokrosi zao, mbio fupi za kushindana na saa, kila klasi ina namba yake ya kuzidishia muda, ili mwenye kigari kidogo aweze kulinganishwa na mwenye dude. Wivu mtupu. Hapa kwetu labda tungefanya Spec IST, gari zipo za kutosha kujaza uwanja wa Mkwakwani zikabaki. Wakenya wao wana otokrosi na klasi ya gari za kuvuta matairi mawili bila turbo, ile ingenifaa kama shati la kushonewa, na kutoka hapa mpaka Horohoro ni padogo, tatizo mashindano mengi yanafanyika Nairobi huko na gari mbovu hairudi yenyewe.

Kitu kilichonichekesha ni kwamba shida hii ya klasi ni ya zamani kuliko gari yangu. Mwaka 1953 wakati Safari inaanza, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yalipangwa klasi kwa bei ya dukani. Sio cc wala pawa, bei. Na aliyefanya vizuri kuliko wote alikuwa na Volkswagen ile ya kobe, klasi ya bei ya chini kabisa. Nikamwambia fundi, akasema wangepanga kwa bei leo wewe ungekuwa klasi ya kuku.

Kilichonipa mwanga hasa hakikuwa kusoma. Kulikuwa na rali mashamba ya mkonge huku kwetu, nikaenda na daftari la mwanangu la hesabu, nikasimama kwenye kona moja ya kushoto inayobana, mkonge pande zote, udongo mwekundu juu na mawe chini yake. Nikawa naandika kila gari inayopita, inavuta wapi, ina turbo au haina, kona imeichukua vipi. Zile kubwa zilipita kama zimetumwa, unasikia tu mlio halafu mawe yanakuja kwako. Za kuvuta mawili zilikuwa nne. Raundi ya kwanza zilipita zote nne, ya pili zikapita tatu, ya mwisho mbili. Moja niliikuta baadaye imekaa juu ya kisiki cha mkonge, rejeta imetobolewa katikati, dereva amekaa kivulini anakula chungwa ametulia kabisa. Waja leo warudi leo, ila huyu alirudi kwenye tololi.

Nilipotoka pale nilikuwa nimeshaelewa. Kwenye klasi ya mawili bila turbo hahitajiki mtu mwenye kasi ya ajabu, anahitajika mtu anayefika. Na vya kunifikisha naweza kuvinunua kwa pesa yangu, sampu gadi nzito ya kukinga injini chini, rejeta iliyokingwa, shokapu zenye nguvu, rimu za inchi 15 zenye tairi la ukuta mnene. Kasi ya kumfukuza Evo sina pesa yake hata nikiuza na nyumba ya urithi, ambayo pia si yangu peke yangu.

Ila kuna kasoro nayo niiseme, klasi ndogo ina ubaya wake. Gari zikipungua chini ya idadi waliyoiweka wanaweza kukuunganisha na klasi ya juu asubuhi hiyohiyo, ukajikuta unashindana na hao uliowakimbia. Na ukishinda klasi ya watu wawili, hapa mjini utaulizwa umemshinda nani. Mi nimekubali kuulizwa.

Haya, nikadhani nimemaliza. Nikamrudia fundi, nikamwambia turbo basi, tunabaki na injini yetu hiihii, inakula oili kidogo kwahiyo iriboe tu, yaani panua silinda, weka pistoni za oversaizi 50, nusu milimita zaidi, tuingie barabarani. Nilitegemea atanisifu. Akaenda akakaa kwenye tairi, akaniuliza bo ya 3S, upana wa silinda, ni milimita ngapi. 86. Stroku, mwendo wa pistoni? 86. Haya weka 86.5 upige. Nikapiga mara mbili nikidhani nimekosea, jibu 2021. Nikajaribu oversaizi ndogo, 25, ikaja 2009 na pointi. Yaani injini hii ina cc mbili tu za kupumulia mpaka elfu mbili, ukikwangua silinda hata robo milimita umeshavuka mstari, umeingia klasi ya wenye meno na turbo huna. Kwenye Group N walikuwa wanaruhusu kuriboa mpaka milimita 0.6 lakini kwa sharti usivuke kikomo cha klasi yako. Nani anakumbuka hicho kipengele akiwa kwa mchonga silinda? Wangapi wanakimbia huko na injini za 2021 bila kujua, sijui, mi nisingejua.

Kwahiyo tumefungua, tumepima, silinda zimo ndani ya kipimo, shida ilikuwa ringi zilizoganda kwa kukaa, na sili za valvu zimekauka kama papa wa sokoni. Ringi mpya za standadi, sili mpya, honi nyepesi, yaani kusugua silinda kidogo, basi. Oili imeacha kupungua.

Pesa iliyobaki nikajitia ujanja wa mikanda. Nikanunua mkanda wa pointi sita mitumba, mzuri, mwekundu, muuzaji akaniapia haujawahi kupata ajali. Kweli haukuwahi. Jamaa mmoja anayekagua gari akaugeuza akanionyesha lebo, mikanda ya FIA inahesabiwa miaka mitano tangu mwaka iliotengenezwa, na huu ulishapita muda wake kabla mi sijaoa. Sasa hivi unafungia jenereta kwenye pikapu ya fundi, kazi anaifanya vizuri tu.

Rolikeji, ile fremu ya mabomba ya kukukinga gari ikipinduka, inachomelewa wiki ijayo, bomba lisilo na mshono, sio lile la geti. Navigeta ni mdogo wangu, anatapika kona nyingi zikifuatana lakini anasoma pesnoti, yale maelezo ya kona zinazokuja, bila kukosea, nitampa tangawizi.

Jana usiku simu ikaita mlio wa ujumbe, mama watoto akaiwahi yeye. Nusu ya Ilala. Picha mpya, injini imeoshwa inang'aa, na bei imeshuka laki tano. Akanitazama. Nikamwambia muulize kama anauza difu peke yake.

Alinitupia mto.