Herufi 3 tu, lakini jasho limenitoka

Jamani nyie, hili neno "set" la Kiingereza mnalionaje? Herufi 3 tu, unadhani kitu cha mchezo, kumbe ngoja. Jana natafsiri maelezo flani nikakuta "let it set", nikaandika fasta "iache ijiseti", kurudia kusoma nikacheka mwenyewe, maana ilikuwa inaongelea saruji, yaani iache igande! Halafu jua nalo eti lina-set, ila lenyewe haligandi, linazama. Daktari aki-set mfupa anaurudisha mahali pake, mtego unategwa, meza inaandaliwa, neno ni lilelile. Sisi tumechukua kipande tu, seti ya vikombe, seti ya tenisi, kuseti alamu, basi, mengine tukawaachia wenyewe (na tulifanya la maana). Kamusi ya Oxford ya 1989 iliipa "set" kama kitenzi maana 430, baadaye kitenzi "run" kikaja kuipita, chenyewe kina maana 645. 645! Mi nikabadilisha nikaweka "iache ikauke", nikafuta, nikarudisha "igande", maana saruji kukauka na kuganda wala si kitu kimoja, saruji inaganda kwa sababu ya maji yenyewe.